Je, Wajua? Mtihani Juu ya Barafu

Je, wajua kwamba zamani huko Edinburgh, Uskoti, hukupokewa kwenye klabu ya kuteleza barafuni mpaka uruke kofia? Karne ya 18 hiyo. Unachora duara kamili kwa mguu mmoja, unarudia kwa mguu wa pili, halafu unaruka kofia moja, kisha mbili zilizopandana, kisha tatu! Leo mtoto wa miaka saba akiingia kwenye mtihani wake kule Chicago au Toronto anaulizwa yaleyale: duara, kisha kuruka. Kofia tu ndizo zimeondolewa.

Mchezo wenyewe ni ule wa kuteleza kwa madoido, muziki unapigwa na mchezaji anaruka na kujizungusha. Si hoki, wala si mbio. Tumeelewana? Twende.

Je, wajua kuwa somo la kwanza kabisa ni kukaa chini? Marekani watoto wadogo huanzia darasa linaloitwa Snowplow Sam, lenye ngazi 4. Kwenye ngazi ya 1 mtoto anafunzwa kuketi na kusimama akiwa na viatu vya barafu, kwanza pembeni, halafu juu ya barafu yenyewe. Akiweza hivyo na hatua chache za kutembea, basi safari imeanza.

Hesabu nami safari hiyo. Ngazi 4 za wadogo, ngazi 6 za msingi, kisha ngazi nyingine 6 za kuruka na kujizungusha. Na hapo bado hajasimama mbele ya majaji wa mitihani rasmi, ambayo nayo ina ngazi 8, kuanzia Pre-Preliminary hadi Gold!

Je, wajua kwamba unaweza kuwa na medali ya dhahabu bila kumshinda mtu yeyote? Marekani anayefaulu mtihani wa juu kabisa hupata medali ya dhahabu ya mitihani, hata kama hajawahi kuingia shindano hata moja maishani. Na kuna mitihani ya aina kadhaa, kwa hiyo wapo wenye dhahabu mbili, tatu, au nne. Mitihani tu!

Hapo ndipo wazazi wengi wageni huchanganyikiwa. Mtihani na mashindano ni milango miwili tofauti. Kwenye mtihani mtoto anapimwa na kiwango kilichoandikwa, na wote kumi wakiwa wazuri, wote kumi wanafaulu. Kwenye mashindano, hata wote kumi wakiwa wazuri, mmoja atakuwa wa kumi.

Na mlango mmoja unafungua mwingine. Ngazi uliyofaulu ndiyo inayoamua utashindana na nani. Ukishapanda, huruhusiwi kushuka ukawapige wadogo!

Sasa sikiliza kisa hiki. Mwaka 1992 msichana wa miaka 12 huko California alitaka kushindana na wakubwa, na kocha wake, Frank Carroll, akamwambia bado. Kocha akasafiri. Msichana akaenda akafanya mtihani wa wakubwa, akafaulu, na kocha aliporudi hakukuwa na la kufanya, maana mtihani uliofaulu haufutwi. Unajua alikuwa nani? Michelle Kwan! Akaja kuwa bingwa wa dunia mara 5 na bingwa wa Marekani mara 9, na baadaye balozi wa Marekani nchini Belize. Kocha alikasirika, ndiyo, lakini aliendelea naye.

Je, wajua kwamba majaji wa mtihani hawaruhusiwi kushauriana? Kwa kawaida wanaketi watatu, kila mmoja na karatasi yake, na wawili wakikubali, mtoto amefaulu hata kama wa tatu amekataa. Na hao watatu hawalipwi mshahara: majaji wa chama cha Marekani ni watu wa kujitolea.

Na mwishowe mtoto huambiwa amefaulu, au ajaribu tena. Zaidi ya hapo, jaji akiona kitu kimoja kimeharibika katika mtihani ulio mzuri, anaweza kumwomba mtoto akirudie palepale. Wewe ulipewa nafasi hiyo kwenye hesabu za darasa la saba?

Ngoja, bado. Je, wajua kuna mtihani mzima wa kuteleza usio na mruko hata mmoja? Mtoto anapita uwanja mzima kwa mikunjo, migeuko ya miguu na hatua zilizopangwa, bila muziki. Ukiwa umeketi karibu unasikia kila kitu: makali yakishika barafu vizuri mlio ni laini, na meno ya mbele ya kiatu yakiburuza, sauti inakwaruza hadi juu ya viti. Mara nyingi masikio ya jaji yameshajua kabla ya macho.

Meno? Naam, meno! Ncha ya chuma cha kiatu cha mchezo huu imechongwa meno, ya kuchomea barafu wakati wa kuruka. Ndiyo hayohayo yanayomwangusha mgeni kifudifudi siku ya kwanza.

Chuma hicho kina unene wa kama milimita 4 tu, lakini chini yake kimechimbwa mfereji, kwa hiyo kina makali mawili: la ndani na la nje. Sasa piga hesabu. Miguu 2, mbele na nyuma, makali 2: jumla ni namna 8 za kusimama juu ya barafu. Mtoto anatakiwa azijue zote 8, na kulia na kushoto zifanane.

Je, wajua kwamba zamani bingwa hakupatikana kwa kuruka bali kwa kuchora? Mchezaji alichora nane juu ya barafu kwa mguu mmoja, kisha akapita tena juu ya mstari uleule, kisha tena. Kila duara lilikuwa na upana wa kama mara tatu ya urefu wa mchezaji mwenyewe. Na michoro rasmi ilikuwa 41!

Unajua majaji walifanya nini baada ya hapo? Waliingia wenyewe kwenye barafu, na makoti yao, wakainama, wengine wakapiga magoti, wakapima kwa macho kama mstari wa tatu umekaa juu ya wa kwanza. Umbali wa vidole viwili tu ulikuwa aibu. Michoro hiyo kwa miaka mingi ilibeba 60% ya alama zote. Yaani dansi lote lililobaki, pamoja na miruko na muziki, lilipewa 40!

Hebu sikia yaliyotokea Sapporo mwaka 1972. Beatrix Schuba wa Austria alikuwa wa 7 kwenye sehemu ya muziki na miruko, na akaondoka na dhahabu ya Olimpiki! Alikuwa amechora vizuri mno, basi. Janet Lynn wa Marekani, aliyeshinda sehemu ya muziki, alipata shaba. Watu waliotazama televisheni hawakuelewa kitu, kwa sababu michoro haikuwa ikionyeshwa sana. Mwaka uliofuata ikaongezwa programu fupi ya muziki na uzito wa michoro ukashushwa, na ukaendelea kushuka, hadi mwaka 1990 huko Halifax, Kanada, michoro ilipochorwa kwa mara ya mwisho kwenye mashindano ya dunia.

Umedhani imekufa? Tangu 2015 wapo wanaoshindana kuchora tu, na barafu yao hupakwa rangi nyeusi ili mistari ionekane. Mimi ningelipa kiingilio kutazama.

Nchi nyingine nazo zina yake. Japani mtoto anaanzia ngazi ya mwanzo, kisha anapanda namba moja moja kutoka 1 hadi 8. Urusi anapanda madaraja ya michezo, na juu ya ngazi za vijana na watu wazima kuna cheo cha Bwana wa Michezo. Kanada wanaoanza kabisa wanaingia uwanjani kwa kundi, na kila mmoja anapewa utepe wake kwa kiwango alichofikia: watoto wote wa kundi wanaweza kurudi nyumbani na utepe wa dhahabu!

Na kuna shirika jingine Marekani, lililoanzishwa 1959, ambako mtoto anaweza kuingia mashindano bila mpinzani hata mmoja. Anashindana na kitabu cha kanuni. Kitabu hakitetemeki, hakianguki, na hakikosi usingizi usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tuje kwenye alama. Je, wajua kwamba mtoto anaweza kupewa 3.2 na akawa wa kwanza? Kwenye mashindano mengi ya wanaoanza bado wanatumia mfumo wa zamani unaoishia 6.0, na humo namba yenyewe si kitu. Jaji anaitumia kupanga nani yuko mbele ya nani. Kama 3.2 yako ndiyo kubwa kuliko zote alizotoa jaji huyo, basi kwake wewe ni namba moja, na mwingine aliyepewa 3.1 asikutishe.

Lakini 6.0 yenyewe je? Tarehe 14 Februari 1984 huko Sarajevo, Jayne Torvill na Christopher Dean wa Uingereza walipata 6.0 kumi na mbili kwa dansi moja, na majaji wote 9 waliwapa 6.0 kwa usanii. Wote tisa!

Na walikuwa wajanja hao. Muziki wao wa Boléro ulikuwa mrefu kuliko kanuni ilivyoruhusu, lakini saa ilianza kuhesabu pale tu chuma cha kiatu kinapogusa barafu. Basi wakaanza wamepiga magoti, wakayumba na muziki kwa sekunde 18 nzima bila kuteleza. Kanuni haikuvunjwa hata kidogo.

Miaka 18 baadaye mfumo ule ukaanguka kwa kishindo. Salt Lake City, 2002: mashindano ya wawili wawili, jaji wa Ufaransa akasema ameshinikizwa, magazeti yakawaka, na mwisho wake jozi mbili zikapewa dhahabu, ya Urusi na ya Kanada. Kutoka kwenye fujo hiyo ndiyo ukazaliwa mfumo wa sasa wa kujumlisha alama, ambao mtoto wako akipanda ngazi atakutana nao tu.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu karatasi ya alama ya mfumo huu ni tamu kuliko shindano lenyewe. Kila mruko una bei yake. Lutz ya mzunguko mmoja: 0.6. Axel ya kwanza, yaani ya mzunguko mmoja na nusu: 1.1. Axel ya pili: 3.3, mara tatu kamili! Axel ya tatu: 8.0. Na Axel ya nne: 12.5.

Kwa nini Axel ina bei hivyo? Kwa sababu ni mruko pekee kati ya ile sita mikuu unaoanza ukiwa umetazama mbele. Unatua ukirudi nyuma, kwa hiyo kila mara kuna nusu mzunguko ya ziada. Mnorwei Axel Paulsen aliuruka Vienna mwaka 1882, na yeye alikuwa bingwa wa mbio za barafuni pia. Hadi leo mtoto anaweza kukaa mwaka mzima au zaidi akiugombania.

Ile ya nne je, mizunguko minne na nusu hewani, chini ya sekunde moja? Miaka 140 baada ya Paulsen, Septemba 2022, kijana wa miaka 17 aitwaye Ilia Malinin aliitua kwenye mashindano huko Lake Placid, Marekani. Hakuna aliyewahi kuitua mashindanoni kabla yake.

Rudi kwenye karatasi. Unaona alama ndogo < baada ya jina la mruko? Maana yake mzunguko umepungua zaidi ya robo, na bei inashuka hadi 80%: Axel ya pili iliyokuwa 3.3 inakuwa 2.64. Zikiwa mbili, <<, upungufu umefika nusu mzunguko, na mruko unalipwa kama wa ngazi ya chini yake: kutoka 3.3 hadi 1.1. Mama kaketi juu anapiga makofi, ameona mtoto katua amesimama wima! Lakini fundi wa video amerudisha picha polepole, na viguu vimeshasema yote.

Ukiona herufi e, mtoto ameruka kwa makali yasiyo yake. Alama ya mshangao, yaani !, ni majaji wa ufundi wanasema: hapo hatujaridhika.

Je, wajua kwamba kuanguka kunaweza kulipa kuliko kusimama? Usinikatalie kabla hujapiga hesabu. Lutz ya mizunguko minne ina bei ya 11.5. Ukianguka nayo baada ya kumaliza mizunguko yote, majaji wanakukata nusu, inabaki 5.75, kisha unakatwa alama 1 ya kuanguka: 4.75. Lutz ya mizunguko miwili, iliyorukwa bila dosari hata moja duniani, inaishia 3.15. Aliyeanguka kashinda!

Wengine wanalalamika kwamba si haki. Mimi naona ni sawa kabisa, mradi anayejaribu amezunguka kweli.

Majaji kwenye mashindano makubwa ni hadi 9, na kila mmoja anaupa kila mruko daraja kutoka −5 hadi +5. Kisha kompyuta inatupa daraja la juu kabisa na la chini kabisa, inachukua wastani wa yaliyobaki. Kwa hiyo jaji anayekupenda mno na anayekuchukia mno, wote wawili wanapotea.

Unyoya je? Ndiyo, unyoya! Kipande cha vazi kikianguka juu ya barafu kwenye mashindano makubwa, alama 1 inaondoka. Bei ya kuanguka mwili mzima! Ndiyo maana utawakuta akina mama kwenye vyumba vya kuvalia wakivuta kila shanga kabla ya mtoto kuitwa.

Na ukiitwa jina, fanya haraka. Kwa wakubwa, una sekunde 30 tu za kufika mahali pako na kusimama tayari, la sivyo unakatwa. Ukifika dakika nzima hujatokea, umeshajitoa.

Kabla ya hapo kuna dakika 6 za kupasha mwili, wachezaji hadi 6 kwa pamoja, kila mtu akimkwepa mwenzake. Wa kwanza anabaki uwanjani akiwa bado anahema. Wa sita, kwa wakubwa, anasubiri zaidi ya nusu saa, na miguu inapoa. Ukiuliza ni namba ipi bora, kila kocha atakupa jibu lake.

Je, wajua mchezaji aliyeruka hadi nje ya uwanja? Midori Ito wa Japani, Munich, 1991. Alikuwa karibu mno na ukingo, akadondokea kwenye pengo lililoachwa kwa ajili ya kamera ya televisheni, akaruka akarudi barafuni na kuendelea na programu yake. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kuitua Axel ya tatu mashindanoni, mwaka 1988.

Kamba ya kiatu nayo ina historia. Lillehammer, 1994, Tonya Harding alisimama katikati ya programu, akateleza hadi kwa majaji akilia, akapandisha mguu juu ya ukingo wa meza yao awaonyeshe kamba yenye matatizo. Walimruhusu aanze upya baadaye. Alimaliza wa 8.

Sasa umri. Mwaka 1924 huko Chamonix, Ufaransa, Mnorwei Sonja Henie aliingia Olimpiki akiwa na miaka 11. Alikuwa wa 8 kati ya 8, na katikati ya programu alikimbilia ukingoni kumwuliza kocha wake afanye nini sasa! Kisha akashinda dhahabu tatu mfululizo: 1928, 1932 na 1936. Kumi za dunia juu yake.

Wasichana wa Uingereza nao hawakukawia. Mwaka 1932 Cecilia Colledge na Megan Taylor walikwenda Olimpiki ya Lake Placid, wote wawili wakiwa na miaka 11. Jaribu kuwaza chama cha leo kikiruhusu hilo.

Maana leo? Hata siku 87 zinakukwamisha! Mao Asada wa Japani alishinda fainali ya Grand Prix Desemba 2005, akiwapita wakubwa wake, lakini akakosa Olimpiki ya Torino miezi miwili baadaye kwa kuwa alizaliwa siku 87 baada ya tarehe iliyowekwa. Wakati huo kikomo kilikuwa miaka 15. Baada ya Olimpiki ya Beijing ya 2022 kikapandishwa, kwanza 16, kisha 17.

Marekani nako, Alysa Liu alikuwa bingwa wa taifa wa wakubwa mwaka 2019 akiwa na miaka 13. Jukwaa la medali lilikuwa refu kwake, wenzake wawili wakamsaidia kupanda! Akastaafu akiwa na miaka 16, akarudi 2024, na 2025 huko Boston akawa bingwa wa dunia.

Je, wajua kwamba mwanamke wa kwanza kushindana kwenye ubingwa wa dunia alishindana na wanaume? Mwaka 1902 Madge Syers wa Uingereza alisoma kanuni, akaona hakuna mahali palipoandikwa wanaume peke yao, akajiandikisha. Akawa wa pili, nyuma ya Ulrich Salchow mwenyewe, yule mwenye mruko wa Salchow! Wakubwa wa chama wakawafungia wanawake mlango, na sababu mojawapo waliyotoa ilikuwa kwamba sketi ndefu zinawaficha majaji miguu. Mwaka 1906 wakaanzisha mashindano ya wanawake. Aliyeshinda? Madge Syers.

Akashinda na Olimpiki ya 1908, London. Olimpiki ya majira ya baridi? Hata! Ile ya kawaida, ya riadha na kuogelea. Ya baridi ilikuwa haijazaliwa.

Mwaka 1920 Mmarekani Theresa Weld aliruka mruko huo wa Salchow kwenye Olimpiki na majaji wakamkemea, eti mwanamke haruki, sketi itapanda magotini. Alipata shaba pamoja na kemeo lake.

Vazi limeendelea kuwa mtihani. Mwaka 2012 huko Italia, Zahra Lari wa Abu Dhabi aliteleza na hijabu yake na akakatwa alama kwa sababu ya kitambaa cha kichwani. Yeye na chama chake wakawaendea wakuu wa mchezo, wakaonyesha kuwa hijabu haina hatari yoyote, na kanuni ikabadilishwa! Yeye alianza akiwa na miaka 12, baada ya kutazama filamu ya watoto. Wengi watamwambia mtu wa umri huo amechelewa.

Debi Thomas je, unamkumbuka? Calgary, 1988: shaba, na mtu Mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya baridi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, na baadaye akawa daktari wa upasuaji wa mifupa. Nusu karne kabla yake Mabel Fairbanks alikuwa akirudishwa kwenye milango ya viwanja kwa ajili ya rangi yake. Akageuka kocha, akawaunganisha watoto wawili, Tai Babilonia na Randy Gardner, wakawa mabingwa wa dunia wa 1979.

Na wewe uliyeko Nairobi usijifanye mambo haya ni ya mbali. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu wa ndani, kama kilomita 150 tu kutoka ikweta. Hapo ndipo wachezaji wa hoki wa Ice Lions wa Kenya walipopata maskani. Ndugu zetu wa Dubai wana uwanja wenye ukubwa wa Olimpiki ndani ya duka la Dubai Mall.

Je, wajua binadamu anazunguka kasi gani? Mwaka 2015 Olivia Oliver wa Kanada aliandikwa kwenye vitabu vya rekodi kwa mizunguko 342 kwa dakika, juu ya mguu mmoja. Pia yako ya utotoni ilifika hapo?

Na kupinduka nyuma? Kulipigwa marufuku tangu 1977. Surya Bonaly wa Ufaransa akakufanya hivyohivyo Nagano mwaka 1998, akatua kwa mguu mmoja, akijua atakatwa. Marufuku ikaondolewa 2024, miaka 47 baadaye. Miezi michache kabla, Mfaransa mwingine, Adam Siao Him Fa, alipinduka kwenye ubingwa wa Ulaya, akakatwa alama 2, na akashinda vilevile!

Je, wajua Nathan Chen, bingwa wa Olimpiki wa 2022, alianza na viatu vyeupe vya dada yake? Mwaka 2010, akiwa na miaka 10, alikuwa ameshashinda ubingwa wa taifa wa daraja la novice, na hakuna aliyekuwa amelishinda akiwa mdogo kuliko yeye. Miaka kumi, na mitihani yote ya kufika hapo ameshaimaliza.

Umeshawahi kuona mvua ya wanasesere? Yuzuru Hanyu wa Japani, dhahabu ya 2014 na 2018, alipokuwa bado anashindana, kila akimaliza mashabiki walimtupia wanasesere wa Winnie-the-Pooh mpaka barafu ikageuka ya njano. Waliowaokota walikuwa watoto wa mji wa mashindano wanaojifunza mchezo huu, waliochaguliwa kwa kazi hiyo na kuvalishwa sare. Walikimbizana na mizigo yao mikononi huku mchezaji anayefuata akisubiri, na wanasesere walikwenda kwa misaada ya palepale mjini.

Na la mwisho ni lako wewe mzazi unayeganda kwenye benchi kila Jumamosi. Je, wajua kwamba mitihani hii haina umri wa mwisho? Marekani kuna mitihani ya watu wazima, na tangu 1995 kuna ubingwa wa taifa wa watu wazima. Viatu vya kukodi viko pale mlangoni, sema tu namba ya mguu wako!